Ngumi Ndani ya Bodi

Mwaka ule tulikula muhogo wa kuchoma. Si kwamba tuliupenda. Muhogo wa kuchemsha unataka maji, na maji hayakuwepo. Newala nzima ilinuka muhogo ulioungua. Tulichoma mihogo, tukachoma mahindi, na hata ming'oko, ile mizizi ya porini ambayo kila mwenye akili anaichemsha, tuliifukia kwenye majivu ya moto tukaila hivyo hivyo na mchanga wake. Ugali ulikuwa wa mgonjwa. Ukipita kwa jirani ukakuta sufuria inachemka jikoni, ulisimama mlangoni ukauliza, "Kwema hapa? Nani anaumwa?" Watoto walikwenda shule na midomo myeusi ya masizi na kurudi na midomo myeusi ya masizi. Kwa hiyo mtu akiniuliza lile jambo la gari langu lilikuwa mwaka gani, simtajii tarakimu. Ni mwaka wa midomo myeusi. Kila mtu wa huku aliyekuwa na meno anaujua.

Mimi shule niliishia darasa la tatu. Kuandika naandika, na nisipojua neno naliandika linavyosikika. Nina wajukuu wengi, na nina pikapu. Nasema nina pikapu kwa sababu wapo watu wanaosema pikapu ile ni ya marehemu mume wangu. Mume wangu alikufa akiwa na baiskeli, Mungu amrehemu, na tairi la mbele lilikuwa bovu. Gari nililinunua mimi, kwa korosho za mikorosho niliyoachiwa na mama yangu, ambayo yeye aliachiwa na mama yake. Hakuna mwanamume aliyetia hata senti mle.

Bodi ya gari lile, pale nyuma pa kupakilia, imelaza watu wengi kuliko nyumba ya wageni. Wagonjwa wa kwenda hospitali ya Ndanda, wazazi wenye uchungu, na waliokufa wa kurudi nyumbani. Kwetu huku maiti hafungwi kamba kama gunia. Analazwa chini kwenye bodi juu ya mkeka, ndugu zake wanapanda, wanakaa kumzunguka wakiegemea kingo za gari, na miguu yao wanainyoosha kumzuia pande zote asiteleze kwenye kona. Akiwa ndani ya jeneza au ndani ya shuka, ni hivyo hivyo. Waislamu tunafanya, na Wakristo wa upande wa misheni wanafanya. Mtu anarudi kwao akiwa katikati ya miguu ya watu wake. Nilikuwa nikilitoa gari kwa kazi hiyo bila kumdai mtu hata mafuta, na kwa miaka mingi hakuna aliyekumbuka kuniambia ahsante, kwa sababu kilichozoeleka hakishukuriwi. Sikulalamika. Nataja tu ili ujue nani alianza kusahau.

Anayeendesha ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa kwanza. Ni fundi wa kuchomelea, kazi alijifunza kwenye karakana moja upande wa Ndanda, na mikono yake ina makovu ya cheche mpaka viwikoni. Namwita mke mwenzangu, kama bibi yeyote anavyomwita mjukuu wake wa kike, na yeye ananijibu kwamba mume tuliyeachiwa amebaki picha ukutani, kwa hiyo hana haja ya kunionea wivu. Sura yake ni ya mama yangu. Mdomo, kila mtu anasema, ni wangu.

Mwaka ule tulikuwa tukishuka bondeni kuchota maji kwa madumu. Gari linashuka na madumu matupu yanagongana kama ngoma ya wendawazimu, linapanda na madumu yaliyojaa, na kabla hatujafika nyumbani nusu ya mtaa imesimama barabarani na vikombe. Siku moja mjukuu alikaa kwenye ngazi ya jikoni, akavua viatu, akasema, "Mke mwenza, tunajichosha bure. Dumu ni kitu cha baiskeli. Hapa tunahitaji tela lenye tenki."

"Tela tutalitoa wapi?"

"Masasi. Nimeliona."

Tukaenda Masasi. Lilikuwa limelala kwenye uwanja wa mtu anayenunua vyuma chakavu, nyuma ya jabali, majani yameota mpaka kwenye tairi. Aliniambia liliachwa na watu waliokuwa wakitengeneza barabara. Mimi nilitegemea tela kama ninayoyajua, lenye mkono ulionyooka mbele wa kushikwa na ndoano. Hili lilikuwa na shingo. Shingo ya chuma inatoka mbele ya tela, inapanda juu, inapinda, halafu inashuka tena, na mwisho wake kuna mdomo wazi unaotazama chini.

"Linafanana na bata anayechungulia chungu," nikasema.

Yule muuzaji akacheka. "Mama, umepatia. Ndivyo linavyokula. Hili haliburutwi kwa ndoano ya nyuma. Shingo inapita juu ya mlango wa nyuma wa gari, inaingia ndani ya bodi, na mdomo unashika kitu hiki." Akaingia kibandani akatoka na chuma cha mviringo chenye shina nene, kikubwa kama ngumi ya mwanamume anayelima. "Hiki kinafungwa kwenye bodi. Uzito wa maji unalikalia gari mgongoni, haulivuti mkia. Mlima unapanda vizuri."

Nikaishika ile ngumi. Ilikuwa baridi na nzito, na imelainika kwa kuumwa na ule mdomo. Nikaipenda hapo hapo, sitadanganya. Tela tukalipandisha kwenye lori lililokuwa linarudi Newala tupu, na ngumi niliifunga kwenye khanga nikairudisha mwenyewe mapajani kama mtoto mchanga.

Sasa sikiliza tulivyokosea, maana kosa lile lingetuua.

Hapa kwetu tela tunalolijua ni la trekta. Tangu zamani tunaona trekta za korosho na matela yake, na tela la trekta linakaa nyuma kabisa, mkiani. Kuna fundi wa matrekta pale mjini, mtu mzima, mkimya, amefunga matela tangu mjukuu wangu hajazaliwa. Tulimwita nyumbani, na alipoona ile ngumi akaielekeza moja kwa moja kwenye mlango wa nyuma wa bodi. "Tela hukaa nyuma," akasema. Mjukuu akakuna kichwa, akasema kule Masasi alivyoelewa yeye kitu hiki kinakaa mbele zaidi, juu ya ekseli, ule mtaimbo unaoshika tairi za nyuma. Fundi akasema, "Juu ya ekseli ndiyo katikati ya bodi. Watu watakaa wapi?" Na mimi, na majirani waliokuja kutazama, na kuku wangu, sote tukaona fundi amesema kweli. Mjukuu naye akakubali. Ngumi ikafungwa mkiani, kando ya mlango. Kila mtu akafurahi. Katikati ya bodi palibaki peupe kama uwanja wa mpira.

Kushuka bondeni hakukuwa na neno. Tukajaza tenki mpaka maji yakamwagika juu, wanawake wa kule wakapiga vigelegele, tukaanza kupanda.

Kwenye ile kona kubwa, pale ambapo ukitazama kushoto unaona bonde lote la Ruvuma na ukitazama chini huoni kitu, mjukuu aliacha kuongea. Alikuwa anaongea tangu bondeni. Nikamtazama. Alikuwa anazungusha usukani na gari halipindi.

"Bibi," akasema, bila utani, akaniita bibi kabisa, "gari halinisikii."

Tairi za mbele zilikuwa zinaigusa barabara kama kuku anayekanyaga jivu la moto, zinagusa, zinaacha, zinagusa. Mkia ulikuwa umekalishwa chini na tenki, na pua imetazama mbinguni. Akakanyaga breki, tukasimama tumekaa upande, na tairi moja la mbele hewani linazunguka taratibu peke yake.

"Shuka polepole, bibi. Usiruke. Kafungue koki."

Nilishuka. Nikafungua koki ya tenki. Maji yale yote, katika mwaka ule, yalitoka yakakimbia barabarani yakirudi bondeni tulikoyatoa, na mimi nimesimama na ndala zangu ndani yake. Gari lilishusha pua kidogo kidogo mpaka tairi likakaa chini. Nililia. Mjukuu alidhani nalia kwa woga, akaja kunikumbatia, nikamsukuma. Nilikuwa nalilia maji.

Tulipofika juu, mtaa ulikuwa umetusubiri na ndoo.

Mara ya pili kazi ile hatukumwitia mtu. Tuliifanya wenyewe uani kwangu. Mjukuu alichukua kamba, akaifunga jiwe dogo, akaishusha kutoka kwenye bodi mpaka ikaning'inia sawa na kitovu cha tairi la nyuma. Akaweka alama ya chaki upande huu, akaweka upande ule, akavuta mstari. Halafu akavuta mstari mwingine mbele kidogo ya ule wa kwanza, kuelekea kwenye kichwa cha gari. "Hapa," akasema. "Uzito uangukie hapa, mbele ya ekseli kidogo, na pua haitainuka tena." Akapima pia kutoka pale mpaka kioo cha nyuma, kuona kama shingo ya tela itazunguka kwenye kona bila kutuvunjia kichwa.

Bodi ya gari ni bati tu, hata kama limepakwa rangi nzuri. Ukifunga kitu kwenye bati, bati litang'oka na kitu chake. Kinachobeba ni chesisi, ile mihimili miwili ya chuma inayopita chini ya gari kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kwa hiyo alichonga vyuma viwili vinene vya kukingama kutoka chesisi mpaka chesisi, na bamba zito la kulala juu yake, na ngumi ikae kwenye bamba, na bati tulitoboe tu ili ngumi ichungulie. Tulishusha tairi la spea. Tukasogeza bomba la moshi. Paipu ya mafuta alinionyesha mara nyingi mpaka nikachoka. "Hii ukiigusa na drili, mke mwenza, tutaishi na mume wetu leo leo."

Niliingia chini ya gari. Ndiyo, mimi. Nilivaa suruali yake ya kazi, nikajifunga khanga kiunoni juu yake kwa heshima, nikalala chali juu ya gunia. Alihitaji mtu wa kushika bamba kwa chini wakati yeye anaingiza bolti kwa juu. Majirani walikuja kuona miguu ya bibi imetokeza chini ya gari. Mmoja akapiga kelele, "Jamani, bibi kagongwa!" Nikamjibu kutoka huko huko chini kwamba niliyegongwa nina akili kuliko aliyesimama.

Drili ilianza kulia. Vipande vya bati viliniangukia kifuani vikiwa bado vya moto, vimejikunja kama maganda ya kitunguu. Halafu nikaona mwanga. Tundu dogo, mwanga mwembamba umepita ndani ya bodi mpaka usoni kwangu. Akalipanua kwa grenda, akalipaka rangi ukingoni ili kutu isianze. Bolti zikashuka. Mimi nikaweka washa, ile pete ya bati, nikaweka nati, nikaweka nati ya pili juu ya ile ya kwanza, na yeye akashuka kuzikaza kwa spana yenye bomba refu, anatia mguu kwenye tairi na kuvuta mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Akafunga na pete mbili za mnyororo pembeni, shingo ikijitoa ishikwe. Nilipotoka chini nilikuwa na oili kwenye nyusi.

Tulijaza maji, tukapanda. Kwenye kona ile gari lilipinda kama limeambiwa. Mjukuu hakuacha kuongea hata kidogo.

Lakini sasa ngumi ilikuwa imesimama katikati ya bodi, mahali hasa panapolazwa kiuno cha mtu.

Kaka yangu alikuja Ijumaa baada ya sala. Ni mkubwa wangu, na ni mjomba wa watoto wangu, maana yake katika ukoo wetu neno lake linalala juu ya maneno mengine yote. Alikuja na wazee wawili wa msikiti na mzee mmoja wa kanisa. Nilipowaona wa dini zote mbili wameongozana nikajua hawakuja kunisalimia.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Umeshindaje?"

"Nimeshinda na maji. Kunyweni."

Walikunywa. Nakumbuka walikunywa vizuri sana, mzee wa kanisa aliongeza kikombe. Halafu kaka akaenda kwenye gari, akaweka kiganja juu ya ile ngumi, akaipapasa kama anapapasa kichwa cha mtoto wa mtu mwingine.

"Hii nini?"

"Ndiyo inayoleta ulichokunywa."

"Mdogo wangu, gari hili ni la watu. Wewe unajua. Mtu akifa Ndanda kesho, tunamlaza wapi? Tumkalishe juu ya chuma?"

Mjukuu akasema kwa adabu, "Babu, nitawatengenezea kichanja cha mbao cha kukaa juu yake. Miguu minne, kinawekwa, kinatolewa."

"Maiti apande darini?" akasema mzee mmoja. "Kama mzigo wa kuni?"

"Na ndugu watamzungukaje?" akasema mwingine. "Miguu yao itamshika wapi, huko juu?"

Hapo walikuwa na haki, nakiri. Kichanja kingemtoa mtu katikati ya miguu ya watu wake. Kaka akaona nimelegea, akalainisha sauti.

"Mbona mwanzo mliiweka nyuma na kila mtu alikuwa radhi? Irudisheni nyuma ilipokuwa. Basi. Maji yataendelea, na maiti atalala."

Nilimtazama mjukuu wangu. Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, mikono iliyokuwa imekwisha kuwa safi. Hakusema kitu kuhusu ile kona, kwa sababu kaka alikuwa amekwisha kuhadithiwa habari ya kona, mtaa mzima ulihadithiwa, na wao waliisikia kama hadithi ya maji yaliyomwagika. Mimi nililiona lile tairi likizunguka hewani. Waliokufa ni wetu, nawapenda, nimewabeba. Lakini wao hawaendeshi. Anayeendesha ni huyu.

Nikasema, "Siing'oi na siirudishi nyuma. Si leo, si kesho. Anayetaka bodi tupu akanunue gari lake."

Mzee wa kanisa aliweka kikombe chini taratibu sana. Kaka yangu hakuwahi kujibiwa hivyo na mwanamke isipokuwa mama yetu. "Haya," akasema. "Na wewe siku yako ikifika, tutakuona utakavyolala."

"Nitalala upande," nikamwambia. "Nimezoea kulala upande."

Ulimi wa watu ni mrefu. Walianza kusema bibi amechimbia ngumi kuwapiga wafu. Watoto wakaigiza. Wanaume waliokaa barazani, nikipita, mmoja anakunja ngumi na kuiweka gotini, wenzake wanacheka. Lakini jioni wake zao walikuja na ndoo, na mimi niliwajazia. Sikumnyima mtu. Ningewanyima ningekuwa nimewapa haki.

Aliyekuwa upande wangu bila kujificha alikuwa wifi yangu, mke wa kaka huyo huyo. Tulichezwa unyago pamoja, tukaolewa karibu pamoja, na tangu ujana wetu hakuna siri yangu asiyoijua wala jino langu ambalo hakujua liling'oka lini. Alikuja akaitazama ngumi, akacheka mpaka akakaa chini. "Wifi, hiki ni kidume! Mume wako hakuwahi kukuachia kitu kigumu hivi." Nikamwambia anyamaze, mtoto anasikia. Mjukuu akasema amesikia na atakumbuka.

Kabla mvua hazijaja, wifi aliugua. Kifua. Tulimpeleka Ndanda kwa gari langu, kaka naye akapanda, kwa sababu hakukuwa na gari jingine asubuhi ile. Tulitandika godoro upande wa kulia wa ngumi, akalala kwa ubavu, mimi nikakaa miguuni kwake, na kaka kichwani, ametazama nje muda wote. Tulipoanza kushuka na gari likaanza kuyumba, wifi alitoa mkono ndani ya khanga akaishika ile ngumi. Akaikamata hasa, vidole vyote. Kila kona aliikamata.

"Hiki ndicho cha kushikia," akasema. "Kilikosekana siku zote."

Nilimtazama kaka. Aliendelea kutazama nje.

Hakurudi mzima. Tulimwacha wodini tukarudi, na siku chache baadaye simu ilikuja mchana, mjukuu akaipokea, na kwa jinsi alivyokaa chini nilijua kabla hajasema.

Kaka alikuja kwangu kabla sijamaliza kujifunga kitambaa. Alikuwa peke yake. Hakuja kama mjomba wa ukoo. Alikuwa mwanamume aliyefiwa, kanzu imeloa jasho.

"Mdogo wangu. Nakuomba. Kwa leo tu. Kwa ajili yake. Ing'oe, tukamchukue, jioni uirudishe."

Hili ndilo watu hawalijui wanaponiita jiwe. Nilikwenda kwa mjukuu, nikamuuliza kwa siri kama inawezekana. Hakunificha. "Kufungua kunawezekana, bibi. Lakini bolti hizi zimekazwa zikae. Tukifungua leo, wiki ijayo kuna mwingine, na mwezi ujao mwingine. Utamkatalia nani baada ya kumkubalia babu? Kufungua na kufunga kila msiba, siku moja nati itachoka, na siku hiyo nitakuwa kwenye kona na tenki limejaa. Na leo, bibi, maji ya kumwosha yako wapi?"

Hayakuwepo. Tenki lilikuwa tupu, tulikuwa tushuke siku ile. Mwaka ule maiti walikuwa wanaoshwa kwa kopo, na wenye kuosha wanahesabiana makopo kwa macho. Nilimfikiria wifi yangu, mtu aliyependa kuoga kuliko kula, anaoshwa kwa kopo.

Nikarudi kwa kaka. Nikamwambia yale yale niliyomwambia mbele ya wazee.

Akaondoka. Alikodi kilori cha mtu wa sokoni, chenye bodi tupu, bapa, kama walivyotaka. Ndugu walipanda kwenda kumchukua wifi yangu, na mimi sikwenda. Mimi na mjukuu tulishuka bondeni. Sikuzungumza njia nzima, na yeye, kwa mara ya kwanza bila kuogopa usukani, hakuzungumza pia.

Tulipanda na maji, na juu pale njia zinapokutana tukakikuta kilori kinakuja. Nikawaona. Wamekaa kumzunguka, miguu imenyooshwa pande zote. Palikuwa na nafasi ndogo upande wa miguuni, karibu na mlango, nafasi ya mtu mmoja mwembamba. Pangu. Mjukuu akawaachia wapite mbele, sisi tukafuata nyuma na tela letu, polepole, maji yanacheza ndani ya tenki. Miguu yangu haikumzunguka wifi yangu. Hilo nimelibeba na nitalibeba, wala sikuandika haya ili mtu anipunguzie.

Lakini nilimwosha. Mimi ni wifi yake, nilikuwa na haki hiyo na hakuna aliyethubutu kunizuia mlangoni. Na nilimwosha kwa maji mengi. Maji yalitoka kwenye tela kwa mpira yakaingia ndani mpaka miguuni kwetu, tukamwosha nywele, tukamwosha vidole kimoja kimoja, vile vilivyoshika ile ngumi, na mama mmoja aliyekuwa akisaidia akasema kwa sauti ya chini, "Mwaka huu sijaona mtu akioshwa hivi." Nikamwambia amwage tena.

Na siku ile msibani watu walikula muhogo wa kuchemsha. Sufuria kubwa, muhogo mweupe, laini, umepasuka katikati, na kisamvu chenye mchuzi. Watu walikuwa wameusahau. Nilimwona mzee wa kanisa amefumba macho anatafuna. Watoto walinawa midomo, na kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kianze niliona sura zao ni za rangi gani.

Ilipofika siku ya hitima ya arobaini, nilileta maji tena. Tela lilisimama kando ya nyumba ya kaka, na baada ya kula watu walipanga mstari kwenye koki kunawa mikono. Nilikuwa nimekaa kwenye ukingo wa bodi, mkono wangu juu ya ile ngumi, imeanza kung'aa. Mjukuu alikuwa chini anakagua nati zake, kama anavyofanya kila tunaposimama.

Kaka alinawa. Alinawa sana, mpaka viwiko, akajifuta kwa ncha ya kanzu. Wale wazee walikuwa nyuma yake. Akaja mpaka kwenye mlango wa bodi.

"Shikamoo kaka," nikasema.

"Marahaba." Akatazama chini, akatazama ngumi, akatazama mkono wangu. "Mungu akulipe kwa maji, mdogo wangu. Kweli nasema. Umetusitiri." Akakohoa. "Lakini sasa msiba umekwisha. Nimekaa na wenzangu, tumezungumza. Ile habari yetu bado ipo pale pale. Watu hawafi mara moja wakaisha. Irudishe nyuma, dada yangu. Nyuma tu. Hatusemi uitupe."

Watu waliokuwa kwenye mstari waliacha koki inatiririka. Mjukuu wangu alitoa kichwa chini ya gari, ana grisi shavuni, sura ya mama yangu kabisa, akanitazama. Nikamwambia afunge ile koki kwanza, maji yanapotea. Akaifunga. Halafu nikasema, na kila mtu alinisikia.

"Siing'oi na siirudishi nyuma. Si leo, si kesho. Anayetaka bodi tupu akanunue gari lake."